Upungufu mdogo wa utambuzi na hatari ya dimensia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ana upungufu mdogo wa utambuzi, na kwa ajili ya mwenzi, watoto na ndugu wanaokaa naye. Baada ya habari hiyo, wengi huuliza jambo lile lile: itaishia wapi? Jibu la uhakika kwa mtu mmoja halipo. Lipo jibu lenye manufaa, lakini haliwezi kubanwa ndani ya asilimia moja inayotajwa haraka haraka mgonjwa akiwa tayari ameshika mlango kutoka.

Upungufu mdogo wa utambuzi ni hali gani?

Ni hali ambapo kumbukumbu, lugha, umakini au uwezo wa kupanga mambo umeshuka kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri na elimu ile. Kushuka huko kunaonekana kwenye vipimo, lakini mtu bado anajitegemea. Anapika, ananunua vitu, anatumia simu, anakumbuka dawa zake, pengine kwa kuchelewa kidogo au kwa kujiandikia. Vigezo vilivyoenea zaidi viliwekwa mwaka 1999 na Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani. Mwanzoni vilihusu kumbukumbu peke yake. Miaka michache baadaye vikapanuliwa ili viwaguse pia wale ambao kumbukumbu yao ni nzima ila wanakwama kwenye lugha, upangaji au kutambua maumbo na nafasi.

Si hali adimu. Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha madaktari wa neva cha Marekani ulikadiria kwamba inawapata karibu asilimia 7 ya watu wenye miaka 60 hadi 64, na karibu asilimia 25 ya wenye miaka 80 hadi 84.

Mpaka kati yake na dimensia uko wapi?

Kwenye kujitegemea: mwenye dimensia, yaani akili iliyodhoofika kwa ugonjwa wa ubongo, hawezi tena kuendesha peke yake mambo yake ya kila siku. Chukua mtu aliyezoea kuweka hesabu za nyumba kichwani. Siku hizi anaandika kila kitu kwenye daftari, anakagua mara mbili, na mwisho wa mwezi hesabu zinakaa sawa. Huo bado ni upungufu mdogo. Akianza kulipa deni lile lile mara mbili, akasahau kabisa lingine, na mtu wa nyumbani akalazimika kulichukua lile daftari, mpaka umeshavukwa au uko karibu sana kuvukwa.

Mpaka wenyewe haujachorwa kwa wino. Madaktari wawili wazuri wanaweza kumwona mtu yule yule, mmoja akasema bado na mwingine akasema tayari. Tena, mzee anayefanyiwa kila kitu na watoto wake anaweza kukaa muda mrefu bila mtu kugundua kwamba hawezi tena kufanya peke yake, kwa sababu hapewi nafasi ya kujaribu. Daktari akiuliza "anaweza kununua vitu mwenyewe?", jibu "huwa haendi" si sawa na jibu "anaweza". Mwambieni ukweli huo.

Je, kila mwenye hali hii ataishia kupata dimensia?

Hapana. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila familia ilishike kabla ya mengine yote, maana nimeona watu wakiomboleza mzazi aliye hai kwa sababu tu ya kusikia neno moja kliniki.

Kwa wagonjwa wanaofuatiliwa kwenye kliniki za kumbukumbu, takriban 10 hadi 15 kati ya 100 huvuka kwenda dimensia kila mwaka. Kwa watu waliopatikana kwa kupimwa mitaani na majumbani, bila wao wenyewe kwenda kutafuta daktari, kiwango huwa cha chini, mara nyingi kati ya 5 na 10. Kwa wazee kwa ujumla ni karibu 1 au 2 kati ya 100 kwa mwaka. Kwa hiyo hatari imepanda kweli, tena mara kadhaa. Lakini uchambuzi wa pamoja wa tafiti za muda mrefu uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wengi wa wenye upungufu mdogo hawakufika kwenye dimensia hata baada ya miaka 10.

Tofauti kati ya kliniki na mtaa ina sababu yake. Anayefika kwa bingwa ameshachujwa: yeye au familia yake ameona jambo linalotisha kiasi cha kutafuta rufaa. Ndiyo maana ukisoma takwimu yoyote ya hatari, uliza kwanza watu waliohesabiwa walitoka wapi.

Na usizidishe asilimia ya mwaka mmoja kwa idadi ya miaka ukadhani umepata jibu. Asilimia 10 kwa mwaka haimaanishi kwamba baada ya miaka 10 wote wamevuka. Walio katika hatari kubwa zaidi huvuka mapema, na wanaobaki kundini ni wale ambao hali yao imetulia, hivyo kasi hupungua.

Kuna wanaorudi katika hali ya kawaida?

Wapo, na si wachache. Kutegemea ni utafiti upi, kati ya asilimia 14 na 56 ya watu waliogunduliwa na upungufu mdogo walionekana wa kawaida walipopimwa tena. Wengine walikuwa na sababu inayotibika. Wengine walipimwa siku mbaya: wamelala vibaya, wana msiba, wana homa, au hawasikii vizuri yule anayewauliza maswali. Hata hivyo, aliyerudi kawaida bado ana hatari kubwa kuliko yule ambaye hakuwahi kuwa na tatizo, kwa hiyo afurahi, ila asiache kufuatiliwa.

Ni sababu zipi zinazotibika ambazo lazima ziangaliwe kwanza?

Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kidogo, sonona, kukatika kwa pumzi usingizini, pombe, maambukizi ya VVU au kaswende, damu iliyovuja taratibu kati ya fuvu na ubongo baada ya kuanguka, na maji kujaa ndani ya ubongo, ambayo huambatana na kutembea kwa kuburuta miguu na kushindwa kuzuia mkojo.

Halafu kuna dawa. Vidonge vya mafua na mzio vyenye klofeniramini, dawa nyingi za usingizi, amitriptilini ya maumivu na sonona, oksibutinini ya kibofu: zote hizi zinaweza kumfanya mzee aonekane amechanganyikiwa. Kabla hamjajadili picha za ubongo zenye gharama, kusanyeni dawa zote zilizo nyumbani, pamoja na zile za kununua bila cheti na zile za mitishamba, mziweke kwenye mfuko mmoja, mumpelekee daktari mezani. Katika uchunguzi huu wote sijui hatua ya bei ndogo inayozaa faida kubwa kama hiyo.

Daktari anakadiriaje nani atasonga mbele na nani atabaki alipo?

Anakusanya dalili kadhaa zisizotosha kila moja peke yake, kisha anaangalia kama zote zinaelekeza upande mmoja.

Ya kwanza ni aina ya usahaulifu. Mpimaji husoma orodha ya maneno, tuseme 10 au 15, mara kadhaa. Mgonjwa hurudia anayoyakumbuka. Wanafanya mambo mengine kwa dakika 20 au 30, kisha mgonjwa anaombwa ayataje tena bila kusomewa. Hapo ndipo mpimaji husikiliza kwa makini. Mtu akitaja maneno matatu tu, mpimaji humdokeza: "moja lilikuwa tunda." Mwingine uso unamwangaza, anasema "embe!", na maneno mengi zaidi yanafuata kwa njia hiyo hiyo. Huyu aliyahifadhi, alishindwa kuyafikia tu, na hilo hutokea pia kwa sonona, uchovu au matatizo ya mishipa midogo ya ubongo. Mwingine hata akidokezwa hapati, au anataja tunda ambalo halikuwemo kabisa, na akionyeshwa neno lenyewe anasema hajawahi kulisikia. Huyu hakulihifadhi. Muundo huo wa pili ndio unaofanana zaidi na ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikuu cha dimensia, katika hatua za mwanzo, na uzito wake katika makadirio ni mkubwa.

Ya pili ni idadi ya maeneo yaliyoguswa. Kumbukumbu pamoja na lugha na upangaji ni hatari zaidi kuliko kumbukumbu peke yake.

Ya tatu ni shughuli za kila siku. Mtu anaweza kuwa bado anajitegemea, lakini mambo magumu kama fedha, fomu, kupanga safari au kutumia kifaa kipya yameanza kumshinda. Makosa ya fedha yamejitokeza mara nyingi katika tafiti kama ishara ya mapema.

Ya nne ni maneno ya anayeishi naye. Hii hushangaza watu: mgonjwa anayelalamika sana kuhusu kusahau kwake si lazima awe ndiye aliye hatarini zaidi. Anayesema "mimi sina shida yoyote" huku mkewe akisimulia matukio kumi ya wiki ile ndiye anayenipa wasiwasi, kwa kuwa kupoteza uwezo wa kuona upungufu wako mwenyewe ni dalili inayojitegemea.

Zaidi ya hapo kuna umri, kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kisukari, kiharusi kilichopita, na mwendo. Kuna kipimo kimoja kisichohitaji mashine: mtu anatembea kawaida, kisha anatembea tena huku akihesabu kurudi nyuma kwa sauti. Anayepunguza mwendo sana anapohesabu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuvuka.

Alama za mama kwenye kipimo cha MoCA zimeshuka kutoka 25 hadi 23. Ndiyo imeanza?

Kwa alama mbili peke yake, hapana. MoCA, kipimo cha utambuzi cha alama 30 kilichochapishwa na Ziad Nasreddine na wenzake mwaka 2005, kina mstari unaotajwa sana wa 26, ambao chini yake alama huhesabiwa si za kawaida, lakini mtu yule yule anaweza kupanda au kushuka alama moja au mbili kwa sababu za siku ile tu. Elimu nayo ina nafasi kubwa. Kipimo chenyewe kinaongeza alama moja kwa aliyesoma miaka 12 au pungufu, na kwa mtu aliyesoma miaka minne au ambaye hakuwahi kwenda shule, nyongeza hiyo moja haitoshi hata kidogo. Kuchora mchemraba kwa kalamu, ambako ni sehemu ya kipimo hiki, kunahitaji kwanza uwe umezoea kalamu. Lugha pia: mama apimwe kwa lugha anayoiota usingizini.

Kilicho muhimu ni mwelekeo wa vipimo vitatu au vinne, vilivyofanywa kwa lugha moja na kwa utaratibu mmoja, vikiwa vimeachana miezi 6 hadi 12. Na kuna jambo dogo ambalo wataalamu hulitazama: mtu mwenye ubongo unaojifunza hupata alama bora kidogo mara ya pili kwa sababu ameshauzoea mtihani. Asiyepanda kabisa, ingawa hajashuka, naye anatoa habari.

Picha ya ubongo inaweza kutuambia?

Kiasi. MRI huonyesha kama hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, imesinyaa kuliko ilivyo kawaida kwa umri ule. Kusinyaa huko huongeza hatari. Huonyesha pia makovu ya mishipa midogo ya damu na viharusi ambavyo mtu hakuvihisi. CT ni ya kawaida zaidi na inafaa kuondoa uwezekano wa uvimbe, damu au maji, ila kwa kutabiri ni dhaifu.

Picha za PET, zinazopigwa baada ya mtu kudungwa dawa yenye mionzi kidogo, zinaonyesha kama amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, imejikusanya kwenye ubongo. Mtu mwenye upungufu mdogo na asiye na amiloidi ana uwezekano mdogo sana wa kwenda kwenye ugonjwa wa Alzheimer katika miaka michache ijayo, na hiyo ni habari njema iliyo wazi. Upande wa pili si wazi hivyo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliwaangalia watu ambao akili zao ni timamu kabisa: karibu asilimia 10 ya wenye miaka 50 na asilimia 44 ya wenye miaka 90 walikuwa na amiloidi. Wengi hufa na protini hiyo bila kuugua dimensia. Kwa hiyo amiloidi kwa mtu wa miaka 62 na amiloidi kwa mtu wa miaka 88 hazisemi jambo moja.

Nimesikia kuna kipimo cha damu. Kinafanya kazi?

Kinafanya kazi kuliko wengi tulivyotarajia miaka kumi iliyopita. Zamani njia pekee ya kupima amiloidi na tau, protini nyingine inayohusishwa na Alzheimer, bila PET ilikuwa kuchoma sindano mgongoni na kuchukua maji ya uti wa mgongo. Sasa aina ya tau iitwayo p-tau217 hupimwa kwenye damu, na matokeo yake yanalingana vizuri na ya PET. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha aina hii, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili.

Maneno ya mwisho ndiyo muhimu: ambao tayari wana dalili. Kipimo hiki hakikutengenezwa kwa mtu mzima wa afya anayetaka tu kujua. Ugonjwa wa figo unaweza kupandisha kiwango cha protini hiyo bila Alzheimer kuwepo, na baadhi ya majibu huangukia eneo la katikati ambalo halisemi ndiyo wala hapana; hapo itabidi PET au maji ya uti wa mgongo. Pia kipimo kinajibu swali "je, kuna Alzheimer ndani ya ubongo huu?" Hakijibu "mama ataacha kunitambua mwaka gani?"

Kipimo kikisema "hatari kubwa", kina uhakika kiasi gani?

Tufanye hesabu pamoja, kwa namba za mfano tu. Tuseme kuna kipimo kizuri: kati ya kila watu 10 watakaovuka, kinawanasa 8, na kati ya kila 10 ambao hawatavuka, kinawaachia 8 na kuwatia hofu 2 bila sababu.

Kiingize kwenye kliniki ya mabingwa ambako watu 40 kati ya 100 watavuka ndani ya miaka mitatu. Kitawanasa 32 kwa haki, na kati ya wale 60 wengine kitawatia hofu 12. Walioambiwa "hatari kubwa" ni 44, na 32 kati yao ni kweli. Hiyo ni karibu asilimia 73.

Sasa kiingize kipimo hicho hicho mtaani, ambako watu 15 tu kati ya 100 watavuka. Kitawanasa 12, na kuwatia hofu bure 17 kati ya wale 85. Walioambiwa "hatari kubwa" ni 29, na ni 12 tu kati yao ambao ni kweli, karibu asilimia 41. Zaidi ya nusu ya waliotishwa hawakustahili kutishwa. Kipimo hakikuharibika, waliopimwa ndio waliobadilika. Ndiyo maana napinga vipimo vya kutabiri kuuzwa kwa watu wasio na dalili, hata kama kipimo chenyewe ni kizuri.

Na akili mnemba? Nimesoma kwamba kompyuta inatabiri kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90.

Soma kwa uangalifu. Nyingi za programu hizi zimefundishwa kwa data ya mradi mmoja mkubwa wa utafiti wa Alzheimer, ADNI, ulioanza mwaka 2004 Marekani na Canada. Mradi huo umeisaidia dunia nzima, lakini washiriki wake kwa wingi ni Wazungu, wamesoma sana, na watu wenye maradhi makubwa mengine waliwekwa kando. Programu iliyojifunza kwao ikipelekwa kwa wazee wenye presha, kisukari na miaka michache ya shule, usahihi hushuka, na hakuna anayejua umeshuka kiasi gani mpaka apime hapo hapo.

Kuna tatizo jingine lisiloonekana haraka. Utambuzi wa dimensia wenyewe hufanywa kwa alama za vipimo vya kumbukumbu. Programu ikipewa alama hizo hizo ili "itabiri" dimensia, kwa sehemu inatabiri mtihani kwa mtihani. Ukiona usahihi wa ajabu, uliza kama programu ilijaribiwa kwa watu wa kituo kingine kabisa, na kama ilikuwa inatofautisha wagonjwa na wazima, jambo rahisi, au inatofautisha watakaovuka na wasiovuka ndani ya kundi la upungufu mdogo, jambo gumu. Vichwa vya habari huchanganya hayo mawili kila siku.

Nipime jeni ya APOE?

Kwa wengi, sioni faida. Aina ya jeni hii iitwayo e4, iliyohusishwa na Alzheimer mwaka 1993, huongeza hatari: nakala moja kama mara 3, nakala mbili mara 8 hadi 12, kwa makadirio yaliyotoka hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa watu wenye asili ya Afrika uhusiano huo umeonekana kuwa dhaifu zaidi. Wapo wenye nakala mbili wasiougua, na wagonjwa wengi hawana hata moja. Jibu lake pia ni habari kuhusu watoto na ndugu ambao hawakuomba kuambiwa. Sababu ya maana ya kupima ipo pale mgonjwa anapofikiriwa kupewa dawa za kuondoa amiloidi, kwa kuwa jeni hiyo huongeza hatari ya madhara.

Kama itaendelea, itakuwa dimensia ya aina gani?

Dalili za mwanzo hutoa fununu. Kumbukumbu mpya isiyohifadhika huelekea Alzheimer. Kupiga mateke na kupiga kelele usingizini kana kwamba anaigiza ndoto, kuona watu au wanyama wasiokuwepo, na siku zinazopanda na kushuka huelekea dimensia ya miili ya Lewy. Mtajieni daktari mapema, maana wagonjwa hawa huweza kudhurika vibaya na dawa za kutuliza kama haloperidoli. Kubadilika kwa tabia na kukosa haya kabla kumbukumbu haijaguswa huelekea dimensia ya sehemu ya mbele ya ubongo. Uzito wa kufikiri baada ya viharusi huelekea dimensia ya mishipa ya damu. Kwa wazee wengi zaidi ya miaka 80, aina mbili au tatu hukaa pamoja kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna dawa ya kuzuia isivuke?

Hakuna kidonge. Donepezili ilijaribiwa pamoja na vitamini E kwa watu 769 wenye upungufu mdogo, matokeo yakachapishwa mwaka 2005: donepezili ilipunguza kasi mwaka wa kwanza, lakini kufikia miaka mitatu hapakuwa na tofauti na kidonge kisicho na dawa. Vitamini E haikusaidia kabisa.

Dawa mpya za dripu, lekanemabu (2023) na donanemabu (2024), huondoa amiloidi, na zimeruhusiwa Marekani kwa wenye upungufu mdogo au dimensia ya mwanzo iliyothibitishwa kuwa ni Alzheimer. Lekanemabu ilipunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 27 katika miezi 18. Haimrudishi mtu alikokuwa. Tofauti yenyewe ilikuwa chini ya nusu alama kwenye kipimo cha alama 18, na wapo wataalamu wenye heshima wanaobishana kama mgonjwa ataihisi. Madhara yake ni uvimbe na kuvuja kwa damu kwenye ubongo, ndiyo maana MRI za mara kwa mara ni lazima.

Basi sisi tufanye nini?

Mengi. Jopo la jarida la Lancet la mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, kuanzia elimu ya utotoni hadi moshi tunaouvuta. Kwa mtu ambaye tayari ana upungufu mdogo, ningeanza na matatu.

Presha kwanza. Jaribio la SPRINT MIND, mwaka 2019, lilishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 badala ya 140, na visa vipya vya upungufu mdogo vikapungua kwa asilimia 19. Kwa mzee anayeyumba au anayeanguka, lengo hilo lijadiliwe na daktari wake. Usipandishe dozi mwenyewe.

Pili, masikio. Asiyesikia hujitenga, na ubongo hukosa kazi. Katika jaribio la ACHIEVE la mwaka 2023, vifaa vya kusaidia kusikia havikuleta tofauti kwa washiriki wote kwa jumla, lakini kwa kundi lililokuwa katika hatari kubwa zaidi, kushuka kwa utambuzi kulipungua kwa asilimia 48 ndani ya miaka mitatu.

Ya tatu ni mwili kutembea na watu kukutana, vikienda pamoja. Nchini Finland, jaribio la FINGER liliwagawa wazee 1,260 katika makundi mawili, moja likapewa lishe bora, mazoezi, mafunzo ya akili na udhibiti wa presha na sukari kwa miaka miwili; kundi lililopata vyote hivyo lilifanya vizuri zaidi kwenye vipimo kuliko kundi lililopewa ushauri wa kawaida. Hao walikuwa watu walio hatarini, wengi wakiwa hawajafika kwenye upungufu mdogo, kwa hiyo siwaahidi kwamba matokeo yatakuwa yale yale kwenu. Virutubisho vinavyotangazwa kuwa vya "kuongeza kumbukumbu", acheni.

Tumwambie mgonjwa ukweli wote?

Muulizeni yeye. Swali rahisi linatosha: "Baba, majibu yakitoka, ungependa uambiwe kila kitu, au tuambiwe sisi?" Aulizwe kabla ya kipimo, akiwa ametulia, si baada ya karatasi kuwa mkononi. Wengi hutaka kujua. Asiyetaka ana haki hiyo pia, na kipimo ambacho hakitabadilisha matibabu kinaweza kuahirishwa. Kitu nisichokikubali ni familia kunong'ona huku mwenyewe amekaa pale pale na anasikia.

Kuna mambo ya kupanga sasa?

Wosia, nani atasaini kwa niaba yake, nani atasimamia akaunti, na anavyotaka kutunzwa akiwa hawezi tena kusema. Yote haya yanafanyika vizuri wakati akili yake bado inakubalika kisheria na anaweza kubishana nanyi. Hali isipoendelea, hamjapoteza chochote. Kuhusu kuendesha gari, panda naye kiti cha mbele mara mbili tatu kwenye njia asiyoizoea. Utajua kama unahitaji kumwomba daktari ampime.

Arudi lini kupimwa?

Kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa kawaida. Njooni na daftari lenye tarehe na matukio mahususi: "alipotea akitoka kanisani au msikitini njia anayoijua" linamsaidia daktari kuliko "anasahau sana".

Msisubiri miadi kama mabadiliko yametokea ndani ya saa au siku chache. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuona vitu baada ya kuanza dawa mpya, kichwa kuuma baada ya kuanguka, uso kupinda au mkono kulegea: hayo si upungufu mdogo unaosonga mbele. Huenda ni maambukizi, damu kwenye ubongo, sumu ya dawa au kiharusi, na anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo.